Kuchagua glaida ya viti viwili kwa mafunzo ya klabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa kamati zinazokaribia kununua glaida ya mafunzo, yaani ndege isiyo na injini yenye viti viwili na vidhibiti kamili kwenye kila kiti. Majibu yana upendeleo, na ni vizuri ujulikane mapema: yanamtanguliza mwalimu anayekaa nyuma na mwanafunzi ambaye bado hajui. Rubani hodari wa masafa marefu hakuandikiwa ukurasa huu.

Viti viwili ni lazima?

Zamani havikuwa lazima. Ujerumani ya miaka ya 1930 na 1940, mwanafunzi aliwekwa peke yake kwenye glaida kama SG 38, ambayo ilikuwa fremu iliyo wazi, kiti mbele, bawa juu ya kichwa. Alirushwa kwa kamba ya mpira, akaruka sekunde chache, akatua kwa kishindo, na mwalimu akabaki chini akipaza sauti. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafunzo ya viti viwili yakawa ndiyo desturi, kwa sababu kosa la hewani lilipata mtu wa kulirekebisha hapohapo.

Ukilishika hilo, nusu ya mabishano ya kamati inakwisha. Mnanunua ndege ya kufanyia makosa. Itatuliwa vibaya, itavutwa vibaya, na breki zake za hewa (vibao vya bawa vya kuishusha haraka) zitafunguliwa kwa pupa, siku nzima, mwaka hadi mwaka.

Uwiano wa kuteleza una uzito gani katika uamuzi?

Mdogo kuliko mnavyodhani. Schweizer SGS 2-33 ya Marekani inateleza takriban mita 23 kwa kila mita moja inayoshuka, ASK 13 kama 28, ASK 21 kama 34, na Duo Discus hupita 40. Namba hizo ndizo huanza kutajwa kwenye mkutano, maana ni rahisi kuzilinganisha.

Sasa tazama mruko wenyewe. Mwanafunzi anapandishwa kwa winchi, yaani mashine ya chini inayokunja waya na kuivuta ndege juu, anaachia waya, anageuka mara mbili au tatu, anaingia kwenye mzunguko wa kutua. Kama hakuna hewa ya kupanda, yote huisha kwa dakika tano hadi saba. Kutoka 28 hadi 34 kunamwongezea dakika moja, pengine na kidogo. Anachohitaji hasa ni kutua mara nyingi, na hakuna uwiano wa kuteleza unaompa hilo. SGS 2-33, pamoja na uzembe wake wa kuteleza, imefundisha vizazi vya kadeti wa anga wa Kanada.

Namba inaanza kuwa na maana mnapofundisha kukaa juu kwa muda mrefu, au kwenda mbali na kurudi, au kama uwanja wenu una upepo mkali na glaida nyepesi ya zamani inahangaika kurudi dhidi yake.

Mbao, bati au faiba?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mbao na kitambaa, pamoja na kiunzi cha mabomba ya chuma, ndiyo kizazi cha Ka 7 na ASK 13, zote mbili kazi ya mbunifu Rudolf Kaiser wa kiwanda cha Schleicher. ASK 13 iliruka mara ya kwanza mwaka 1966, na bado zipo klabu zinazoipenda kuliko mwalimu anavyopenda chai. Ni nyepesi, inatua polepole, inamwambia mwanafunzi kila anachokosea, na bei yake huwa ya chini. Adui yake ni unyevu. Gundi ya zamani huachia ndani ya bawa mahali ambapo jicho halifiki, na kitambaa kinapochoka lazima kivuliwe chote kivalishwe upya. Kama hamna banda kavu na hamna fundi anayejua mbao, iacheni. Fundi wa aina hiyo anazidi kuwa adimu kila mwaka, na kozi ya siku mbili haimtengenezi.

Bati, yaani aluminiamu, mfano wake mkubwa ni Blaník L-13 ya Chekoslovakia. Ilianza kuruka mwaka 1956 na ilitengenezwa kwa maelfu. Ilikuwa inastahimili kukaa nje kuliko mbao, na ilionekana haiishi. Tarehe 12 Juni 2010 bawa la L-13 moja likakatika angani huko Austria, na waliokuwa ndani wakafa. Uchunguzi ulionyesha ufa wa uchovu wa chuma kwenye boriti kuu ya bawa. Glaida za aina hiyo zikazuiwa kuruka nchi baada ya nchi, na klabu zilizokuwa na L-13 tu zikaamka bila ndege ya mafunzo. Kuna njia za kuzifanyia marekebisho na kuzirudisha hewani, lakini zina gharama. Ukitangaziwa L-13 kwa bei ya kutupa, swali la kwanza ni kama imefanyiwa marekebisho yanayokubaliwa na mamlaka ya nchi yenu. Mengine yote yasubiri.

Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ndiyo kawaida ya leo: ASK 21, Grob G103 katika matoleo yake, Puchacz, PW-6, DG-1000. Haiozi wala haishiki kutu. Ina ngozi, ile rangi ngumu nyeupe inayoitwa jelikoti, na jua likiipiga miaka mingi hupasuka nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Kuikwangua yote na kuipaka upya ni kazi ya mamia ya saa za fundi. Watu wengi hununua faiba ya zamani kwa bei nafuu kisha wakakuta bei ya kuipaka upya inakaribia ile ya kuinunua.

Maoni yetu: klabu isiyo na fundi wa ndani ichukue faiba, hata kama ni lazima ingoje.

Viti vya mbele na nyuma, au bega kwa bega?

Glaida nyingi za mafunzo ni mbele na nyuma, kwa sababu mwili wa ndege unakuwa mwembamba na hewa inapita vizuri. Bega kwa bega, kama Slingsby T.21 ya Uingereza, mwalimu huona uso wa mwanafunzi na mikono yake, jambo ambalo ni hazina. Lakini ya kisasa ya namna hiyo ni adimu sokoni, basi swali hili kwa wengi limeshajijibu.

Kiti cha nyuma tukipimeje?

Msikipime kwa macho. Mwalimu wenu mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote wakae humo, wamevaa parashuti, mikanda imefungwa, kifuniko kimefungwa, dakika ishirini kamili. Uchovu wa mgongo haujitokezi dakika ya kwanza, na mwalimu atakaa humo kuanzia asubuhi hadi jua linapozama.

Akiwa humo, aguse kila kitu bila kutazama: mpini wa breki za hewa, kipini cha njano cha kuachia kamba, trimu (kirekebisho cha kupunguza mzigo wa fimbo mkononi), kitasa cha kufungulia kifuniko. Halafu ainue macho aangalie mbele kupitia kichwa cha mtu wa kiti cha mbele. Je, anaona mahali pa kutua? Kwenye glaida fulani mwalimu mfupi huona nywele za mwanafunzi na ukingo wa bawa tu, akalazimika kuweka mto chini yake. Mto ukiwa laini hupungua ndege inapogonga chini na uti wa mgongo ndio unaolipa. Mito migumu ya povu maalumu ipo, itumike hiyo.

Kingine kinachosahaulika: vipimo. Kipima mwendo, altimita (kipima urefu) na variometa (kipima kasi ya kupanda au kushuka) viwepo pia nyuma, au viwe vinaonekana kutoka nyuma bila kukaza shingo. Muuzaji akisema "mwalimu mzoefu hahitaji," mwambieni mwalimu mzoefu ndiye atakayevitazama wakati mwanafunzi ameinua pua kupita kiasi huku winchi inavuta.

Na hewa. Kiti cha nyuma chini ya kioo kisicho na tundu la hewa ni jiko. Fungua, puliza, hakikisha.

Wanafunzi wetu wana uzito tofauti sana. Inakuwaje?

Kila glaida ina uzito wa chini wa kiti cha mbele, na si pendekezo. Kwa ASK 21 ni kilo 70, na juu kabisa kilo 110 kwa kiti, parashuti ikiwemo. Mtu mwepesi mno mbele husogeza kitovu cha uzito nyuma, na ndege inakuwa rahisi kuingia kwenye spini (kushuka huku ikizunguka) na ngumu kutoka. Kama mna vijana, ulizeni mapema ndege inapokea vipi vipande vya madini ya risasi vya kuongezea uzito: vinafungwa wapi, vipo au vimepotea, na mwongozo unaruhusu kilo ngapi.

Upande wa pili wa hesabu huumiza zaidi. Uzito wa juu wa kuruka wa ASK 21 ni kilo 600. Glaida iliyotengenezwa mara kadhaa na kupakwa upya inaweza kufika kilo 385 ikiwa tupu. Zinabaki 215. Watu wawili wa kilo 100, kila mmoja na parashuti ya kilo saba, ni 214. Mmebakiwa na kilo moja, na mwalimu hajaweka chupa ya maji. Omba karatasi ya kupimia uzito, tazama tarehe yake, na kama ni ya zamani, ndege ipimwe tena mbele yenu kabla ya kulipa.

Spini: tunataka ndege inayoingia kwenye spini au inayokataa?

Swali hili huwagawa walimu, na kila upande una haki.

Spini ni hali ya ndege kushuka huku ikizunguka, bawa moja limeacha kubeba kabla ya jingine. Hutokea hasa rubani anapogeuka polepole akiwa chini, karibu na kutua, yaani pale ambapo hana mita za kutokea. ASK 21 haiingii humo kwa urahisi na watu wazito. Ili iingie, lazima ifungiwe vizito maalumu mkiani, kwa hesabu ya mwongozo. Ndiyo sababu inasamehe sana, na ndiyo sababu pia mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo akidhani ndege zote ni hivyo.

SZD-50 Puchacz ya Poland ni kinyume chake. Inaingia vizuri, inazunguka kweli, inatoka ukifanya inavyotakiwa. Ni darasa bora la spini, na pia imehusika katika ajali kadhaa za spini zilizoua mwalimu na mwanafunzi pamoja. Klabu inayonunua Puchacz inunue pia nidhamu yake: urefu wa kuanzia uliopangwa na kuandikwa, mwalimu aliyefanyiwa mazoezi kwenye aina hiyo hasa, na hakuna kujaribu "moja tu zaidi" ukiwa umeshuka.

Msimamo wetu ni kwamba klabu yenye glaida moja ya mafunzo ichukue inayosamehe, kisha iwapeleke wanafunzi wake wakafundishwe spini mahali penye ndege na walimu wa kazi hiyo. Yenye mbili inaweza kuwa na moja ya kila tabia.

Basi si tununue ASK 21 tu?

Mara nyingi, ndiyo. Zimetengenezwa zaidi ya 900, vipuri vinapatikana, mafundi wanaijua, na mwalimu anayehamia kwenu huenda ameshairusha. Hata toleo la kuendesha usukani wa mkia kwa mkono, kwa marubani wasiotumia miguu, lipo.

Lakini sababu hizohizo zinaifanya iliyotumika iwe ghali. Grob G103 hupatikana kwa pesa pungufu na inateleza vizuri kuliko ASK 21. Ni nzito kidogo mikononi, na ni lazima msome matangazo ya usalama (maagizo rasmi ya ukaguzi na marekebisho) ya aina yake kabla ya kuipenda. PW-6 ni ndogo, nyepesi kusukuma uwanjani, na huwafaa watu wasio wakubwa.

Vipi kuhusu zile za mita 20, kama Duo Discus au DG-1000?

Ni ndege nzuri kweli. Duo Discus iliruka mara ya kwanza mwaka 1993 ikiwa imekusudiwa kufundishia masafa marefu, na kazi hiyo inaifanya kwa heshima. Shida huja klabu inapoinunua kwa jina la mafunzo ya msingi huku wanaoiruka ni walewale sita. Bawa la mita 20 linahitaji banda pana na watu zaidi wa kuisukuma. Gurudumu linalokunjwa ni kitu kimoja zaidi cha kusahau kabla ya kutua. Na ukiipasua, hakuna mafunzo hadi irudi.

DG-1000 ina toleo la klabu lenye gurudumu lisilokunjwa, na mabawa yanaweza kuwekwa mita 18 badala ya 20. Hilo linazungumzika.

Gurudumu la mbele lina faida gani?

Mwanafunzi akitua pua chini, gurudumu linapokea. Mwili wa ndege haukwaruziki. Inatosha.

Tunarusha kwa winchi. Kuna la ziada?

Kulabu ya kushikia waya, ile ya tumboni karibu na kitovu cha uzito, iwepo na iwe hai. Glaida iliyoishi maisha yake yote ikivutwa na ndege inaweza kuwa na kulabu ya puani tu. Kulabu zina ukomo wake wa matumizi kabla ya kurudishwa kiwandani kufanyiwa ukarabati, kwa hiyo ulizeni iliyopo imebakiza nini. Kiungo dhaifu, kile kipande kinachokatika waya ukivuta kupita kiasi, kiwe cha nguvu iliyoandikwa kwenye mwongozo wa ndege hiyo. Msiazime cha glaida ya kiti kimoja kwa sababu tu ndicho kilichokuwa karibu.

Na mwulizeni mwendesha winchi wenu. Akisema injini yake inahema na glaida mliyonayo sasa, ya kilo 600 itamfungisha duka.

Iliyotumika tuikague vipi?

Mpeleke fundi mwenye leseni. Kabla hajafika, wenyewe mnaweza kuona mengi.

Anzeni na karatasi. Daftari la ndege liwe kamili tangu mwanzo, ajali na matengenezo yote yameandikwa, na kila tangazo la usalama lina saini. Mwaka 2014 glaida za kadeti wa jeshi la anga la Uingereza, zikiwamo Grob 103, zilisimamishwa kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya wasiwasi kuhusu uhakika wa usalama wa glaida hizo wa kuruka, na nyingi hazikuruka kwa miaka. Ndege ya kuonekana nzima isiyo na kumbukumbu nzima ni samani.

Angalieni pia miruko, siyo saa tu. Glaida ya saa elfu tano zilizotokana na safari ndefu imetua mara chache. Ya saa elfu tatu za winchi imetua makumi ya maelfu ya mara, na kila kutua kuna bei. Glaida nyingi za faiba zina ukaguzi mkubwa unaoanza kwenye saa 3000. Kama imebakiza kidogo kufika hapo, gharama hiyo ni yenu, na bei ishuke.

Halafu mwili. Ondoeni mito ya viti muangalie chini yake: mchanga, maji yaliyokauka, kalamu iliyopotea. Kalamu iliyopotea chini ya fimbo ya usukani inaweza kuukwamisha. Tazameni kuzunguka sanduku la gurudumu na nyuma ya kiti cha mwalimu. Mistari meupe inayotawanyika kutoka sehemu moja ni alama ya kutua kwa nguvu. Tazameni shina la mkia, sentimita chache mbele ya usukani wa mkia, pale ndege inapoumia ikizunguka chini na bawa likashika nyasi. Gongagonga kwa sarafu: faiba nzima hulia kwa sauti kavu, iliyoachana ndani hutoa sauti butu. Kwa ndege ya bati, unga mweusi kuzunguka ribiti (msumari wa kuunganishia bati) unamaanisha ribiti inacheza. Kwa mbao, nusa. Harufu ya uvundo ndani ya bawa inatosha kukurudisha nyumbani.

Mwisho, iunganisheni kutoka kwenye trela kwa mikono yenu, asifanye muuzaji. Mtajua pini zinaingia kwa utaratibu au kwa nyundo. Glaida za zamani nyingi zina viungo vya L'Hotellier vinavyounganishwa kwa mkono kwa kila eleroni (kibao cha bawa cha kuinamisha ndege) na breki, na kusahau kimoja kumeua watu. Mmoja ashike fimbo kwa nguvu, mwingine asukume eleroni polepole, mpime uchezaji.

Yenye injini ya kujirushia?

Zipo, kama ASK 21 Mi yenye injini ya Wankel inayochomoza nyuma ya mwalimu. Zinawafaa wasio na winchi wala ndege ya kuvuta. Kwa klabu yenye winchi, mmejiongezea mashine ya kutunza na kitu kingine cha kumfundisha mtu ambaye bado hajui kutua.

Moja nzuri au mbili za kawaida?

Mbili. Ukaguzi wa mwaka, mkwaruzo, tairi iliyopasuka, tangazo la usalama la ghafla: chochote kati ya hivyo huifunga klabu yenye moja. Wanafunzi wakikaa wiki tatu bila kuruka, wengine hawarudi. Mbili za aina moja ni bora zaidi, kwa vipuri na kwa mwanafunzi asibadilishe kasi ya kutua kila siku. Ila tangazo la usalama likitoka kwa aina hiyo, zote mbili zinalala, kama wenye L-13 walivyojua.

Nani apige kura?

Wanachama wote, kwa kuwa pesa ni yao. Ila walimu wawe na kura ya turufu: walimu wawili wakisema hawataki kukaa kiti kile cha nyuma, ndege isinunuliwe hata kama imetangazwa kwa nusu bei. Kamati iwaombe waandike sababu, kwa sababu "siipendi" na "sioni uwanja" ni malalamiko mawili tofauti.

Trela inahesabiwa?

Inahesabiwa sana. Kagua sakafu, breki, tairi, na vile vifaa vya kushikilia mabawa ndani. Trela inayovuja huloweka glaida usiku kucha huku kila mtu akiamini imehifadhiwa. Ikiwa mbovu, pata bei ya nyingine kabla hamjakubaliana na muuzaji, na itoe kwenye bei ya ndege.